Job Bwayo na barabara ya Mombasa: namna ya kusoma machapisho ya mtafiti wa HIV

Profesa Job Bwayo alifundisha mikrobiolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaongoza idara hiyo, na ndiye aliyeanzisha KAVI, mpango wa Kenya wa kutafuta chanjo ya Ukimwi. Aliuawa kwa risasi na majambazi wa kuteka magari nje kidogo ya Nairobi tarehe 4 Februari 2007. Mkewe alijeruhiwa katika tukio hilo hilo.

Wanaomkumbuka humkumbuka zaidi kwa chanjo. Si vibaya, ila chanjo ni sura ya mwisho ya kazi yake. Kabla yake kuna makala kuhusu watu ambao msomaji wa Mombasa, wa Mtito Andei au wa Tulia kule Kitui hahitaji kusimuliwa: madereva wa malori na matingo wao, na wanawake wanaoishi kwa kuuza ngono. Makala hizo ziliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, zikachapishwa katika majarida ya London, Boston na Chicago, na watu waliotoa damu yao ili ziandikwe hawakuziona. Ndiyo maana tunazipitia hapa, moja moja pale penye mengi, na kwa haraka pale pasipo na mengi.

Kabla ya Bwayo kuingia barabarani

Makala iliyoionyesha dunia kwamba HIV imefika Afrika Mashariki kwa nguvu ilitoka Februari 1986 katika New England Journal of Medicine. Mwandishi wake wa kwanza alikuwa Joan Kreiss, Mmarekani, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Wakenya kama Davy Koech, Ndinya-Achola na Elizabeth Ngugi. Walipima damu ya wanawake 90 waliokuwa wakiuza ngono Nairobi. Kati ya wale wa kipato cha chini, asilimia 66 walikuwa na maambukizi. Kati ya wale wa kipato cha juu zaidi, asilimia 31. Mwaka uliofuata Peter Piot na wenzake walirudi kwenye damu ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa, wakaonyesha kwamba kiwango miongoni mwa wanawake hao kilikuwa asilimia 4 tu mwaka 1981, kikafika asilimia 61 mwaka 1985. Miaka minne tu.

Wanawake wengi wa tafiti hizo walitoka Majengo, mtaa wa Pumwani. Msomaji wa Pwani atalitambua jina hilo, kwa maana Majengo ya Nairobi ni mtaa wa Waswahili kama Majengo ya Mombasa. Kliniki iliyofunguliwa pale kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada ilianza kwa kutafuta tiba ya vidonda vya zinaa, si HIV. Ugonjwa mpya uliwakuta pale pale wakiwa na daftari mkononi.

Swali lililofuata lilikuwa la wanaume. Mwaka 1989 William Cameron na wenzake walichapisha katika Lancet habari za wanaume waliokuja kliniki ya Nairobi na ugonjwa wa zinaa walioupata kwa wanawake wa biashara hiyo. Wanaume 293 ambao hawakuwa na HIV walifuatiliwa. 24 waliambukizwa, na karibu wote hao walikuwa na vidonda vya zinaa au hawakuwa wametahiriwa. Hapo ndipo Bwayo alipoutazama upande mwingine, upande wa watu wasiokaa mjini.

Kliniki kando ya mizani

Ukiondoka bandarini kwa lori, ukipita Mariakani na Voi, unaingia Makueni pale Mtito Andei, na hutoki mpaka uwe umeziacha nyuma Kibwezi, Makindu, Emali na Salama. Mbele ni Athi River, na baada yake Nairobi, halafu Malaba, Kampala, Kigali. Kitui haiguswi na barabara kuu, ila kwa muda mrefu vijana wake wameshuka kuifuata kazi barabarani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Bwayo na wenzake walifungua kliniki ya utafiti Athi River, mahali ambapo malori husimama kupimwa uzito. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi, na nadhani ndiyo sababu lilifaa: dereva hana muda wa kwenda hospitali, basi hospitali imfuate pale anapolazimika kusimama. Waliokubali walihojiwa, walipimwa damu, na waliokutwa na magonjwa ya zinaa walitibiwa.

Matokeo ya awali yalitoka mwaka 1991 katika East African Medical Journal, makala mbili zilizofuatana: moja kuhusu magonjwa ya zinaa kwa madereva wa safari ndefu, nyingine kuhusu wanachokijua na wanavyoishi. Ile kubwa ilitoka mwaka 1994 katika Archives of Internal Medicine, jarida la Marekani, jina la Bwayo likiwa la kwanza. Wanaume karibu elfu moja, madereva na matingo, walipimwa. Asilimia 27 walikuwa na HIV.

Takwimu hiyo ilisafiri kuliko malori yenyewe. Ilinukuliwa kwenye mikutano, kwenye ripoti za wafadhili, kwenye mahubiri. Dereva wa lori akawa mtu wa kunyooshewa kidole, na miji ya barabarani, Makueni ikiwamo, ikasemwa kana kwamba ni vituo vya maradhi tu. Makala yenyewe haikusema hivyo.

Kwanza, waliopimwa ni wale waliosimama mahali pale na wakakubali kuingia kliniki. Si madereva wote wa Afrika Mashariki. Pili, viwango vilitofautiana sana kwa taifa: Wakenya walikuwa chini, Waganda juu yao, Wanyarwanda juu zaidi. Wote walikuwa wakiendesha barabara ile ile, wakilala vituo vile vile. Kama barabara peke yake ndiyo ingekuwa mkosaji, tofauti hiyo ingetoka wapi? Ni wazi kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ilifuata hali ya janga kule mtu alikotoka na alikoishi, na barabara ikaongeza. Tatu, utafiti ulitazama pia miaka ambayo mtu amekuwa kazini, muda anaokaa mbali na nyumbani, na kama ametahiriwa. Haya ni mambo ya kazi na ya mwili. Tabia mbaya ya kuzaliwa nayo haimo.

Mtu aliyewahi kukaa siku mbili kwenye foleni ya mizani anajua maana ya muda wa kukaa mbali na nyumbani. Mlolongo, mji ulioko karibu na Athi River, ulipata jina lake kutokana na foleni hiyo ya malori. Serikali ikipunguza saa za foleni, inapunguza pia usiku wa kulala nje. Sijaona mpango wa barabara ulioliandika hilo kama jambo la afya, na ingefaa liandikwe.

Kampuni za Mombasa

Utafiti wa Athi River ulipiga picha ya siku moja. Ili kujua nani anaambukizwa na kwa nini, lazima mfuate mtu yule yule mwezi baada ya mwezi, na kwa hilo mtu wa barabarani si rahisi. Suluhisho lilipatikana Pwani. Kuanzia mwaka 1993 watafiti wa Nairobi, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, na wa Mombasa, akiwamo Dkt Kishorchandra Mandaliya wa hospitali kuu ya mkoa, waliwaendea wafanyakazi wa kampuni za malori za Mombasa. Madereva, matingo, makanika, makarani na walinzi walialikwa kuja kila baada ya miezi mitatu: ushauri, kipimo, kondomu, na tiba ya magonjwa ya zinaa.

Bwayo ni mmoja wa waandishi katika makala zilizotokana na kazi hiyo, si wa kwanza. Kwa maoni yangu ndizo zinazostahili kusomwa kuliko zote, na ndizo zinazosomwa kidogo kuliko zote.

Ile ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Denis Jackson katika jarida la AIDS, ilifuata wanaume 556 kwa mwaka mmoja. Katika robo ya kwanza ya mwaka, karibu nusu yao walisema wamelala na mwanamke nje ya ndoa. Katika robo ya mwisho walikuwa asilimia 36. Waliosema wamekwenda kwa wanawake wa biashara walipungua kutoka asilimia 12 hadi 6. Magonjwa ya zinaa yalishuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Lakini matumizi ya kondomu kila mara, kwa wale walioendelea kutoka nje, hayakupanda: yalibaki kwenye asilimia 30 hivi.

Tafakari hapo kidogo. Kwa miaka mingi tuliambiwa mwanamume wa Kiafrika habadiliki, ila mpe kondomu. Hawa wa Mombasa walifanya kinyume: walipunguza safari za nje, kondomu wakaiacha pale pale ilipokuwa. Unaweza kusema watu hudanganya wakihojiwa, na hilo ni kweli. Lakini kisonono hakidanganyi. Kimepungua, au hakikupungua, na hapa magonjwa hayo yalipungua.

Makala ya mwaka 1999 ya Ludo Lavreys na wenzake, kwenye Journal of Infectious Diseases, ilichukua wanaume 746 kutoka kampuni hizo hizo, wote bila HIV mwanzoni. Wakati wa ufuatiliaji 43 waliambukizwa, kama watu watatu kwa kila mia kwa mwaka. Hatari kwa asiyetahiriwa ilikuwa mara nne ya aliyetahiriwa, hata baada ya watafiti kuzingatia tofauti za dini, umri na mwenendo. Huo ulikuwa ushahidi mzito, lakini bado ulikuwa ushahidi wa kutazama tu. Jibu la uhakika lilikuja na jaribio la Kisumu, wanaume 2,784, lililochapishwa katika Lancet Februari 2007, mwezi ule ule Bwayo aliouawa: tohara ilipunguza maambukizi kwa zaidi ya nusu. Mwaka uliofuata Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, hasa Nyanza.

Huku Pwani, na Ukambani vilevile, tohara ni mila na wengi waliposikia habari hizo walishusha pumzi. Ni hapo pa kusoma makala ya Lavreys kwa makini zaidi. Wafanyakazi wengi wa kampuni zile walikuwa wametahiriwa, na waliotahiriwa nao waliambukizwa. Kupungua kwa hatari si kuondoka kwa hatari.

Wanawake wa Majengo na chanjo

Sehemu ya pili ya maandishi ya Bwayo inarudi Majengo. Mwaka 1996 Keith Fowke na wenzake walieleza katika Lancet jambo ambalo wauguzi wa kliniki walikuwa wameliona kwa macho: kulikuwa na wanawake ambao, licha ya miaka ya kazi ile, hawakuambukizwa. Kati ya wanawake 424 walioandikishwa bila HIV kuanzia 1985, 239 walikuwa wameambukizwa. Lakini 43 walikuwa wamepitisha miaka mitatu au zaidi wakiwa salama, na hesabu ilionyesha kwamba bahati peke yake haielezi.

Katika orodha nyingi utaiona makala hiyo kama ya Fowke na wenzake. Wenzake hao ni pamoja na Joshua Kimani, Omu Anzala, Job Bwayo na Elizabeth Ngugi. Wakenya wanne wamemezwa na neno moja. Katika majarida ya tiba jina la kwanza huwa la aliyefanya kazi kubwa na kuandika, la mwisho huwa la kiongozi wa maabara au wa mradi, na yaliyo katikati ni ya waliochangia kwa njia mbalimbali: kukusanya damu, kutunza kundi, kuendesha maabara. Kwa miaka mingi majina ya Waafrika yalikaa katikati. Ukihesabu makala za Bwayo bila kutazama mahali jina lilipo, utakosa habari hiyo. Ukitazama, utaona kwamba katika kazi ya Athi River jina lake ndilo la kwanza.

Kutoka kwa wanawake wale ilizaliwa hoja ya chanjo. Mwaka 1998 Sarah Rowland-Jones wa Oxford, pamoja na Bwayo na wengine, walionyesha katika Journal of Clinical Investigation kwamba baadhi ya wanawake wasioambukizwa walikuwa na chembe za kinga zinazotambua na kuua seli zilizoingiwa na HIV. Mwili ulikuwa umekutana na virusi na ukajifunza. Kama ni hivyo, walifikiri, tuutengeneze mfano wake: chanjo itakayofundisha chembe hizo. Tomáš Hanke na Andrew McMichael wa Oxford waliitengeneza kwa kufuata aina A ya virusi, iliyo nyingi Kenya. Majaribio ya usalama yalianza Oxford mwaka 2000 na Nairobi mwanzoni mwa 2001, chini ya KAVI.

Mzozo ulitangulia chanjo yenyewe. Mwaka 2000 watafiti wa Nairobi walilalamika hadharani kwamba hataza imeombwa bila chuo chao kutajwa, ilhali maarifa yametoka kwenye damu ya wanawake wa Majengo. Baadaye makubaliano yalifikiwa. Jambo hilo lilizungumzwa sana wakati ule kama ugomvi wa wasomi na fedha. Nadhani lilikuwa zaidi ya hapo, kwa sababu hata baada ya chuo kuingizwa, wanawake wenyewe hawakuwa na nafasi kwenye karatasi ile.

Mwaka 2001 ilitoka makala nyingine yenye jina la Bwayo, mwandishi wa kwanza akiwa Rupert Kaul, na ilitia doa tumaini hilo. Baadhi ya wanawake waliodhaniwa wana kinga waliambukizwa hatimaye. Jambo lililowaunganisha lilishangaza: walikuwa wamepunguza kazi ya kuuza ngono katika mwaka uliotangulia. Kinga yao, ilionekana, ilihitaji kukutana na virusi mara kwa mara ili ibaki macho. Mwanamke aliyeamua kupumzika, pengine kwenda nyumbani kwa muda, alirudi akiwa hatarini kuliko alivyoondoka. Maana yake kwa kliniki ilikuwa ya haraka: asiambiwe mtu yeyote kwamba yeye ana kinga.

Chanjo nayo ilionekana salama, lakini haikuamsha chembe za kinga kiasi cha kutosha. Kufikia 2004 wafadhili walikuwa wametangaza kwamba haitaendelea katika umbo lile.

Yaliyoshindwa

Kuna makala nyingine ya Kaul na Bwayo ambayo watu huiruka. Ilitoka mwaka 2004 katika JAMA. Wanawake 466 wa Nairobi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipewa dawa ya azithromycin kila mwezi, nusu kidonge kisicho na dawa. Lengo lilikuwa kuzuia magonjwa ya zinaa na kwa njia hiyo kuzuia HIV. Magonjwa ya zinaa yalipungua. HIV haikupungua.

Matokeo ya namna hii hayapati vichwa vya habari, lakini yana kazi. Mwaka 1995 utafiti wa Mwanza, Tanzania, ulikuwa umeonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa vijijini kulipunguza maambukizi mapya ya HIV kwa karibu asilimia 40, na serikali nyingi zilijenga mipango juu ya hesabu hiyo. Mwaka 1999 utafiti wa Rakai, Uganda, haukuona matokeo hayo. Ule wa Nairobi uliongeza uzito upande wa Rakai, na ukaelekeza macho kwenye malengelenge ya sehemu za siri, ambayo azithromycin haiyatibu. Mtu akikuambia leo kwamba kumeza dawa za kuua bakteria kunamkinga na HIV, jibu lako liko kwenye ukurasa huo wa mwaka 2004.

Ukitaka kuzisoma mwenyewe

Orodha ya bure ya machapisho ya tiba iko kwenye PubMed. Andika Bwayo JJ, kisha andika tena Bwayo J, kwa sababu jina lake limeandikwa kwa njia zote mbili. Muhtasari husomwa bila malipo. Makala kamili mara nyingi hudai dola. Za Journal of Clinical Investigation husomwa zote bure. Mwanafunzi wa chuo cha udaktari Machakos au Mombasa anaweza kuomba nyingine kupitia maktaba.

Kwa mhudumu wa afya ya jamii, au kiongozi wa chama cha madereva, mbili zinatosha kuanzia: ile ya Jackson ya 1997 na ile ya Athi River ya 1994. Kaa nazo na vijana wa stejini, uwatafsirie tarakimu, uwaulize kama zinafanana na wanayoyaona. Dawa ya kumeza ya kujikinga na HIV ipo katika vituo vya umma vya Kenya tangu 2017, na kipimo cha kujipima mwenyewe kwa mate kimeshajaribiwa kwa madereva wa malori wa Kenya. Waliochangia damu mwaka 1990 hawakuwa na lolote kati ya hayo.

KAVI bado ipo, sasa ikiwa taasisi ya utafiti wa tiba ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2008, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mazishi, jarida la Vaccine lilichapisha matokeo ya chanjo ile iliyojaribiwa Nairobi na Entebbe. Mwandishi wa kwanza ni Walter Jaoko, ambaye jina lake liliwahi kukaa katikati ya makala ya madereva ya mwaka 1991. Jina la Bwayo limo katika orodha hiyo pia.